Kurudi New Covington: Allison Sekemoto anavyokua katika riwaya ya pili

Allison Sekemoto anakufa akiwa na miaka 17. Hayo yanatokea katika The Immortal Rules, riwaya ya Julie Kagawa iliyotoka mwaka 2012, na yanatokea kwa ridhaa yake mwenyewe. Yuko nje ya ukuta wa mji, ameraruliwa, damu inamwishia. Mgeni aitwaye Kanin anampa njia mbili: afe akiwa binadamu, au aendelee kuwepo akiwa kile anachokichukia kuliko vyote, mnyonyadamu. Anachagua kuendelea. Kuanzia hapo swali linalobeba mfululizo mzima wa Blood of Eden ni moja: atakuwa mnyonyadamu wa namna gani?

Kitabu hicho kinapofungwa, swali limekwisha kujibiwa. Allie, kama wanavyomwita walio karibu naye, amewasindikiza hadi Eden kundi la binadamu ambao hapo kabla walimfukuza walipogundua yeye ni nani. Eden ni mji wa kisiwani usio na wanyonyadamu. Anawafikisha, halafu anageuka na kuondoka, kwa kuwa humo hapana nafasi ya mtu kama yeye. Ameiua nafsi ya ubinafsi aliyokulia nayo, ameshika njia ya mwalimu wake Kanin, amempenda kijana aitwaye Zeke na kumwacha salama.

Ndipo ugumu wa kitabu cha pili unapoanza. The Eternity Cure, cha mwaka 2013, kinampokea mhusika mkuu aliyekwisha kukua. Sasa akue kuelekea wapi? Mifululizo mingi ya riwaya za vijana huanguka hapa hapa. Uchambuzi huu unafuata jinsi Kagawa alivyolishughulikia tatizo hilo, mahali alipofaulu na mahali alipoteleza. Mwisho wa kitabu cha pili na mwanzo wa cha tatu vitatajwa waziwazi, kwa hiyo ambaye hajasoma na anapenda taharuki yake ibaki nzima, asome riwaya kwanza.

Dunia yenyewe

Ugonjwa wa virusi uitwao Pafu Jekundu uliangamiza sehemu kubwa ya binadamu. Wanasayansi waliokuwa wakisaka tiba walifanya majaribio kwa wanyonyadamu, na katika maabara hizo likazaliwa balaa la pili: vichaa, viumbe visivyo na akili wala hofu, vinavyolala ardhini mchana na kuwinda usiku. Dunia ilipoporomoka wanyonyadamu wakatoka mafichoni, wakajenga kuta na kuwaweka binadamu ndani yake. New Covington, alikozaliwa Allie, ni mmojawapo wa miji hiyo. Watawala wanakaa Mji wa Ndani. Binadamu wanakaa Pembezoni. Aliyesajiliwa hupewa chakula na hulipa kwa damu. Asiyesajiliwa hana mgao, anaiba ili ale, na akikamatwa hunyongwa mbele ya watu. Kitabu cha kwanza kinafunguka kwa unyongaji wa namna hiyo. Allie alikuwa miongoni mwa wasiosajiliwa, na kitu pekee alichorithi ni kusoma, ujuzi ambao mama yake alimfundisha ingawa vitabu vilipigwa marufuku.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mlango wake wa kuingilia katika dunia hii. Pwani tuna neno mumiani, na katika enzi za ukoloni uvumi wa wazimamoto wanaokamata watu na kuwatoa damu ulisikika Nairobi, Kampala na kwingineko. Mnyonya damu wa masimulizi hayo hakuwa bwana wa ngome ya kale. Alikuwa mtu mwenye kazi, mwenye sare na gari, anayetumwa na serikali. Kodi ya damu ya New Covington ina sura hiyo hiyo: kuna daftari, kuna foleni, kuna mgao wa chakula. Ndiyo maana Pembezoni kunatisha kuliko msitu wa vichaa. Kichaa anakula kwa njaa, mji unakula kwa utaratibu.

Jambo moja zaidi la dunia hii ni la lazima kulielewa kabla hatujaendelea. Kwa sababu ya virusi, mnyonyadamu akijaribu kumgeuza binadamu, mara nyingi anayeamka ni kichaa. Ni wachache tu, wale wakuu wenye damu yenye nguvu, wanaoweza kuzaa mnyonyadamu kamili. Kwa hiyo kuwa na ndugu wa damu, yaani mwingine aliyegeuzwa na yule yule aliyekugeuza, ni jambo adimu sana. Allie anaye mmoja. Ni Jackal, mfalme wa wavamizi wa Chicago iliyofurika maji, mtu aliyewakamata na kuwatesa binadamu wale wale ambao Allie aliwalinda. Walipoachana katika kitabu cha kwanza walikuwa wakitafuta kuuana.

Uzi wa damu unaompeleka kwa mtu asiyemtaka

Mwanzo wa kitabu cha pili Allie yuko peke yake, anamfuata Kanin. Mwalimu wake ametekwa na Sarren, mnyonyadamu mwenye makovu na akili iliyovurugika, na mateso anayopata yanamfikia Allie usingizini kama ndoto. Damu inaita damu: anahisi mvuto ndani yake unaomwelekeza alipo aliye wa damu yake. Anaufuata usiku baada ya usiku hadi kwenye magofu ya Washington D.C. Mwisho wa uzi anamkuta Jackal.

Hapa ndipo ustadi wa Kagawa unapostahili kutazamwa kwa makini, maana tukio hili moja linafanya kazi tatu. Kwanza, halikuja kwa bahati. Kanuni ya mvuto wa damu tunaijua, na kwamba Jackal ni damu ile ile tumeshaambiwa. Msomaji akishtuka anajilaumu mwenyewe kwa kutoliona. Pili, linamnyima Allie msaada aliokuja kuufuata. Alitaka kumpata mwalimu, amepata adui. Tatu, ambalo ni kubwa zaidi, linamwekea mbele ya macho jibu lingine la swali lake. Jackal aligeuzwa na Kanin huyo huyo. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini hapa damu ni moja na wametoka viumbe wawili tofauti. Kama Jackal alikuwa na nafasi ile ile akachagua ukatili, basi wema wa Allie si zawadi ya damu wala ya malezi. Ni uamuzi, na uamuzi unaweza kubatilishwa.

Katika uhakiki wetu tumezoea kugawa wahusika kuwa bapa, wenye sura moja isiyobadilika, na duara, wenye sura nyingi na wanaokua. Jackal anaingia akiwa na dalili zote za mhusika bapa: mkatili, mcheshi, mwenye macho ya manjano na maneno makali yasiyokauka. Mwandishi angeweza kumwacha hivyo. Badala yake anamfanya awe mkweli. Hajifichi nyuma ya sababu nzuri. Anaitaka tiba ya ukichaa kwa kuwa tiba hiyo ingewawezesha wanyonyadamu kuzaliana tena, naye apate jeshi. Allie anapomlaumu kwa kula watu, anamrudishia swali: wewe je, unaishi kwa kula nini? Allie hana jibu safi. Anawinda, anachagua wa kumla, anajizuia asiue, lakini Njaa, ile kiu ya damu iliyo ndani yake, ni ile ile na damu ni ya watu wale wale.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na uhusiano wao unasimama juu ya methali hiyo. Wanasafiri pamoja kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake anataka nini. Ukuaji wa Jackal, kama tutauita hivyo, ni mdogo kwa makusudi. Haombi msamaha, hajutii, hageuki kuwa mwema. Kinachobadilika ni hesabu yake: anaanza kubaki mahali ambapo faida yake binafsi ingemwambia aondoke. Mwandishi mwenye pupa angempa machozi na hotuba ya toba. Kagawa anampa mwendo wa miguu tu, na msomaji analazimika kuuhesabu mwenyewe.

Kurudi mlango ule ule

Nyayo za Sarren zinawatoa Washington na kuwarudisha New Covington. Kwa maoni yetu huu ndio uamuzi bora kabisa katika msuko wa riwaya hii, na ndio kiini cha kisa tunachokichambua.

Mwendelezo wa kawaida humpeleka mhusika mahali papya: mji mwingine, adui mwenye nguvu zaidi, ramani pana zaidi. Msomaji anaona mengi mapya lakini hana kipimo cha kumpimia mhusika, kwa sababu hakuna kitu cha zamani kando yake. Mtoto tunamwona amerefuka tunapomsimamisha kwenye ukuta ule ule tuliouwekea alama mwaka jana. Kagawa anamsimamisha Allie kwenye ukuta wake, kwa maana halisi ya neno.

Mji umefungwa. Aina mpya ya Pafu Jekundu imezuka ndani, na hii inaua binadamu na wanyonyadamu sawia. Walioambukizwa Pembezoni wanajirarua nyuso zao wenyewe. Njia ya kuingia ni ya chini kwa chini, mahandaki ambayo Allie aliyapita utotoni akienda kusaka chakula nje ya ukuta. Weka matukio hayo mawili kando kwa kando. Katika kitabu cha kwanza binti mwenye njaa anapita chini ya mji kwenda nje, ili ale. Katika cha pili mnyonyadamu mwenye njaa ya aina nyingine anapita chini ya mji kuingia ndani, mahali ambapo kila mwenye busara anakimbia kutoka. Mahandaki ni yale yale. Mwelekeo umegeuka, na sababu imegeuka. Hakuna haja ya msimulizi kutuambia kwamba amebadilika.

Ugonjwa nao umepangwa kwa akili. Katika distopia ya kitabu cha kwanza, yaani dunia ya kubuni yenye utawala dhalimu, mstari wa mamlaka ulikuwa wazi: anayekula na anayeliwa. Aina mpya ya virusi inaufuta mstari huo kwa usiku mmoja. Salazar, mtawala wa mji, anayemchukia Kanin kwa damu na kwa historia, sasa anakabiliwa na kifo kile kile kinachowamaliza watu wa Pembezoni. Na hata wanyonyadamu wasingeambukizwa, binadamu wakiisha wao watakula nini? Mfumo mzima ulikuwa ukitegemea wale uliowadharau, na inahitajika tauni ili waliokaa juu walione hilo. Allie, ambaye alilelewa chini na sasa ni wa aina ya walioko juu, ndiye pekee katika chumba cha mtawala anayezijua pande zote mbili. Ujuzi huo ndio unaompa uzito pale. Upanga wake ni wa ziada.

Stick, au deni lisilolipika

Kabla ya kufa kwake, Allie alimlisha na kumlinda rafiki dhaifu aitwaye Stick kwa miaka. Alipomrudia akiwa mnyonyadamu, Stick alimsaliti. Katika kitabu cha pili Stick anaonekana tena, sasa ndani ya Mji wa Ndani, katika utumishi wa mtawala.

Swali la zamani linarudi: utafanya nini na mtu uliyempa kila kitu naye akakuuza? Allie wa mwanzo, yule wa Pembezoni, alikuwa na kanuni moja, kwamba asiyejitafutia hafai kuishi, ingawa hakuifuata kwa Stick. Allie wa sasa ana uwezo wa kumuua kwa mkono mmoja. Kutokuwa na haraka ya kufanya hivyo ni ukuaji. Lakini kuna jambo zito zaidi, na linapita kwa upole mno hivi kwamba wasomaji wengi hulikosa: Allie anaanza kuona kuwa ulinzi wake wenyewe ulimfinyanga Stick. Alimfanyia kila kitu, hakumfunza kusimama. Mwanafunzi wa Kanin sasa anaweza kupima malezi aliyompa mwenzake kwa malezi aliyopewa yeye, ya ukali, ya kuachwa aanguke na kuamka.

Tunasikitika kwamba Stick mwenyewe hakupewa haki hiyo. Anabaki bapa. Uchungu wake, wivu wake, hofu ya mtu aliyeishi maisha yote kwa huruma ya mwingine, vyote vipo kwenye malighafi, lakini simulizi ya nafsi ya kwanza inamtazama kwa macho ya Allie tu, na macho hayo yana hasira. Mazungumzo marefu kidogo kati yao, bila kukatizwa na hatari, yangetosha kumpa uhai.

Zeke: ukaribu kama hatari

Ezekiel Crosse, Zeke, alilelewa na Jebbadiah, kiongozi mkali wa lile kundi, ambaye hakuifikia Eden. Zeke alifika. Angeweza kubaki kisiwani akaishi. Katika kitabu cha pili anatokea New Covington, katikati ya tauni.

Ukuaji wake ni wa aina nyingine. Katika kitabu cha kwanza imani yake ilikuwa ya kurithi: aliamini kwa sababu Jeb aliamini, aliwachukia wanyonyadamu kwa sababu Jeb aliwachukia. Sasa Jeb hayupo. Analotenda Zeke mjini humo, kurudi kwa hiari mahali ambapo watu wanakufa, ni imani yake ya kwanza aliyojitwalia mwenyewe. Na kumpenda Allie akijua waziwazi alivyo ni kukanusha fundisho la baba mlezi bila kumtukana baba mlezi. Wengi waliolelewa katika nyumba zenye msimamo mkali wa dini watautambua ugumu huo.

Kwa upande wa Allie, mapenzi haya hayapewi wepesi wa bure, na hilo linatupendeza. Kila anapomsogelea Zeke anasogelea shingo yake pia. Anausikia mpigo wa moyo, ananusa damu, Njaa inaamka. Mwandishi anaitumia Njaa kama kipimo kinachosomeka katika karibu kila tukio la wawili hao: imepanda kiasi gani, nini kimeichochea, kimemgharimu nini kuizuia. Riwaya nyingi za wanyonyadamu husema kwamba kiu ni hatari kisha zikaisahau mara busu linapoanza. Hapa haisahauliki, kwa hiyo kila mguso ni uamuzi, na kila uamuzi unamwonyesha mhusika.

Mwalimu akiwa chini

Kanin wa kitabu cha kwanza alikuwa sauti ya hekima. Alimfunza Allie kula bila kuua, kupigana, kukubali kwamba yeye ni jitu la kutisha na bado achague tabia yake. Wakati huo huo alikuwa na siri: ndiye aliyewakabidhi wanyonyadamu wenzake kwa wanasayansi, akitumaini tiba ya Pafu Jekundu. Matokeo yalikuwa vichaa. Sarren alikuwa mmoja wa waliokabidhiwa, na yaliyomkuta maabara ndiyo yaliyomzaa Sarren tunayemwona.

Hapa riwaya inafikia kina chake kikubwa. Mwovu wa hadithi ni mtoto wa nia njema ya mwalimu wa hadithi. Kanin hakutenda kwa ubaya. Alitaka kuokoa dunia. Na Sarren anapotamani kuifuta dunia yote, binadamu na wanyonyadamu pamoja, anafanya kwa mantiki ya mtu aliyekuwa kafara ya wokovu wa wengine. Allie anayejua haya hawezi tena kumtukuza mwalimu wake, na hawezi kumwacha. Katika kitabu cha kwanza Kanin ndiye aliyeinama juu ya mwili wake uliovunjika. Katika cha pili anayehitaji kuinamiwa ni Kanin. Mwanafunzi kumbeba mwalimu ni hatua ya kale ya kukua katika fasihi za watu wengi. Hapa inaongezewa sharti kwamba ambebe akijua dhambi yake.

Mwisho unaouma, na unaotutatiza

Sarren anamkamata Zeke. Allie anaamini amempoteza, na kitabu cha tatu, The Forever Song cha 2014, kinamkuta amejibu upya swali la mwanzo: kati ya binadamu na jitu, sasa anasema yeye ni jitu. Anaua bila breki. Zeke naye anarudi akiwa mnyonyadamu, chini ya mkono wa Sarren.

Kimuundo, pigo hili linaeleweka. Tukio la Jackal lilishatuandaa: wema wa Allie ni uamuzi, na uamuzi unabatilika. Kwa hiyo kuporomoka kwake si mwandishi kusahau alichokijenga. Ni deni lililoandikwa Washington likidaiwa. Njia ya kulithibitisha ni kusoma tena mabishano yake na Jackal njiani. Karibu kila hoja ambayo Jackal alimtupia ndiyo anayoitumia yeye baadaye kujihalalisha.

Lakini gharama yake haikugawanywa kwa haki. Zeke, ambaye safari yake ya kutoka imani ya kurithi hadi imani ya kujitwalia ilikuwa nzuri kuliko zote, mwishoni anatumika kama kuni za moto wa Allie. Mateso yake tunayapokea kupitia athari yake kwa mtu mwingine. Ni udhaifu wa kawaida wa riwaya za vijana, shujaa kuchochewa kwa mwili wa mpenzi, na msimulizi mmoja wa nafsi ya kwanza huuzidisha, kwani hakuna macho mengine ya kumtazama Zeke kutoka ndani. Sura hata mbili zenye sauti ya Zeke mwenyewe, moja kabla ya kukamatwa na moja baadaye, zingebadilisha uzito wa tukio lote.

Kuna lawama nyingine ndogo. Wagonjwa wa Pembezoni wanaelezwa kwa miili yao: nyuso zilizochanika, vilio, kucha. Hatumjui hata mmoja wao kwa ukaribu kabla hajaugua. Kwa riwaya inayolia kwamba binadamu hawakupaswa kuhesabiwa kama mifugo, kundi lisilo na majina ni kasoro. Pia mzaha wa Jackal mara nyingine unapoza tukio kabla halijamaliza kuchemka, hasa pale ambapo Allie ameanza kujihoji.

Kuipima jozi kwa jozi

Kwa anayehariri au kuandika mwendelezo wake, kisa hiki kinatoa njia ya kazi inayoweza kufuatwa mezani kwa karatasi na kalamu. Chukua matukio matano mazito ya kitabu cha kwanza. Kwa kila moja tafuta pacha wake katika cha pili: mahali pale pale, au mtu yule yule, au swali lile lile. Kwa Kagawa jozi zinajipanga zenyewe: handaki na handaki, Stick na Stick, Kanin anayeinamia na Kanin anayeinamiwa, Zeke wa imani ya Jeb na Zeke wa imani yake, Jackal adui na Jackal mwenzi wa safari. Kisha kwa kila jozi andika nani analipa, na analipa nini. Handaki la kwanza Allie aliweka rehani uhai wake. La pili anaweka rehani uhai usiokwisha, ambao ni mali kubwa zaidi, kwa ajili ya watu wasiomjua. Bei imepanda, jozi imesimama.

Tukio lisilo na pacha si kosa, lakini likiwa la tatu mfululizo, mwandishi ajue anasafirisha mhusika tu. Pacha ambaye bei yake haijapanda ni marudio, na msomaji atahisi amekwisha kulisoma. Sehemu ya Stick ina dalili hiyo: usaliti unarudi kwa sura ile ile, bei ikiwa ile ile, na ndiyo maana haiumi kama ilivyopaswa.

Kosa la kuongeza nguvu badala ya mzigo nalo ni la kuangaliwa. Allie wa kitabu cha pili hana uwezo mpya wa ajabu. Tangu kitabu cha kwanza ana upanga wake wa katana na anaweza kuzama ardhini alfajiri ili jua lisimkute. Usingizi wa mchana bado unamshika atake asitake. Kizuizi hicho cha mchana kinafaa kuigwa. Kinamlazimisha mwandishi kuhesabu saa za usiku, kinaifanya kila safari iwe na mwisho alfajiri, na kinamfanya Allie amwamini mtu atakayekuwa macho au anayelala karibu naye. Kulala karibu na Jackal, mtu aliyetaka kumuua, kunasema zaidi kuhusu uhusiano wao kuliko mabishano yao yote.

Wahusika wapya wawe wachache. Uzito wa The Eternity Cure umebebwa na watu ambao tayari tunawajua au tuliowasikia: Allie, Jackal, Zeke, Kanin, Sarren, Stick, Salazar. Jitihada ambayo ingetumika kuwatambulisha wageni imetumika kuwaongezea hawa sura ya pili. Anayepanga kitabu cha pili chenye wahusika kumi wapya ajiulize ni wangapi kati yao wangeweza kuwa mtu wa kitabu cha kwanza aliyerudi na dai lake.

Na anayeisoma kwa Kiswahili kichwani, kama wengi wetu tunavyosoma riwaya za Kiingereza, ajaribu jambo moja anapofika kwenye mabishano ya Allie na Jackal barabarani. Asome maneno ya Jackal peke yake, akiruka majibu ya Allie. Halafu afungue sura za mwanzo za kitabu cha tatu na kumsikiliza Allie anavyozungumza baada ya kumpoteza Zeke. Sauti ya kaka imehamia mdomoni mwa dada.